Taarifa ya Kamati Ndogo ya Usafiri Kuhusu Tolliver Saba za Bibi Harusi

Mheshimiwa Mshereheshaji wa shughuli hii, uliyenipa dakika tano nami nikazipokea kama maoni. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Send-off, pamoja na makamu wako wawili ambao hamsalimiani. Mheshimiwa Mama Vaileth, mzazi wa bibi harusi, uliyekaa hapo mbele umeshika leso. Bwana harusi mtarajiwa Justin na ujumbe wako mzito, ukiongozwa na shangazi yako aliyepanda ndege kutoka Dodoma, ambaye naona mkoba ameshauweka mapajani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Chakula. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Vinywaji, ambaye leo ni mheshimiwa kuliko sisi sote. Dada yetu Amisha, mwenye ukumbi huu wa Queensbury, ambaye babu yake aliuza vitambaa Tanga na yeye anatuuzia masaa. Wageni waalikwa, wageni mliojialika, na watoto wetu mnaosikia Kiswahili mkajibu Kiingereza. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa tutaunda kamati. (Makofi machache.)

Kwa jina naitwa Humphrey, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Usafiri, Msafara na Heshima za Barabarani, cheo nilichokibuni mwenyewe katika kikao cha kwanza, nikajipendekeza mwenyewe, na kikapita bila kupingwa kwa sababu pilau lilikuwa limeshafika. Nasimama mbele yenu kwa furaha isiyo kifani kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Mradi wa Tolliver Saba, mradi wa kimkakati, shirikishi na wa kihistoria, ambao kwa maneno mafupi, na mnanijua mimi kwa maneno mafupi (kicheko), ulilenga kumtoa binti yetu Adelina nyumbani Thamesmead na kumfikisha hapa, akiikata London yote kona kwa kona, ndani ya msafara wa magari saba ya Kimarekani, taa zimewaka, honi zinalia, riboni zinapepea. (Makofi. Sauti kutoka meza ya upande wa bwana harusi: "Saa kumi na nusu hii! Bibi harusi yuko wapi?")

Swali zuri sana. Limepokelewa, na litajibiwa kwa wakati wake ndani ya taarifa, kwa sababu, ndugu yangu, huwezi kuelewa tulikokwama kama hujui tulikotoka.

Tolliver si gari. Tolliver ni taasisi. Ilianzishwa Ohio, Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na seremala mmoja aitwaye Ezra Tolliver, ambaye kabla ya magari alikuwa akitengeneza samani za aina fulani, samani ambazo mteja huzitumia mara moja tu, na katika historia yote ya biashara ile hakurudi mteja hata mmoja kulalamika. (Minong'ono. Mama Vaileth anajifuta uso.) Naomba radhi, shughuli ni ya furaha, tuendelee. Mzee huyu alipoona watu wameanza kupenda injini, akachukua mbao zilezile na misumari ileile, akaongeza magurudumu manne, akalisukuma barabarani, na gari likaenda! Likawa refu kuliko magari yote, zito kuliko magari yote, likanywa mafuta kuliko magari yote, na Wamarekani wakasema hili sasa ndilo letu. Wajukuu wakarithi kiwanda, wakagombana. Kiwanda kikauzwa, kikafungwa, kikafunguliwa kwa tarumbeta, kikafungwa tena kimyakimya, na leo hii ninavyozungumza palipokuwa kiwanda pana duka kubwa la samani, yaani wamerudi walikoanzia. Spea hazipatikani, fundi hapatikani, kampuni yenyewe haipatikani, lakini nembo, yule mwewe wa fedha juu ya boneti, bado anang'aa. (Sauti: "Na bibi harusi?") Naye anang'aa, huko aliko.

Sasa mdau makini atauliza, kwa nini Tolliver, wakati London hii imejaa magari ya Kijapani yanayowaka kila asubuhi bila maombi? Hapo ndipo napaswa kumtaja marehemu mzee Elinaja, baba yake Adelina. Mzee alikuwa dereva wa hospitali ya misheni kule Singida, na gari alilokabidhiwa na wamisionari wale lilikuwa Tolliver, pikapu, rangi ya maziwa. Adelina amekulia kwenye kiti cha mbele cha gari lile, baba upande huu, mgonjwa upande ule. Mzee hakujaliwa kuiona London, na hakujaliwa kuiona siku ya leo. Kwa hiyo binti aliponisimamisha kwenye ngazi za ghorofa letu, akaniambia, "Uncle Humphrey, nasikia unayo Tolliver. Unipeleke kwenye send-off yangu, nijisikie kama baba yupo," mtu mwenye akili angejibu, ngoja kwanza nikaangalie. Mimi nikamwambia, "Moja tu? Nitakuletea saba!" (Makofi. Mama Keren, mke wa msemaji, kwa sauti: "Ndivyo alivyo huyu!")

Ahsante, mke wangu, kwa mchango wako. Naomba sasa niingie kwenye kipengele cha uzoefu wa wamiliki. Jumuiya yetu ina wamiliki wa Tolliver wenye sifa za kimataifa. Yupo ndugu Evans, muuguzi, yule pale anayejificha nyuma ya keki, ambaye ndiye mwanzilishi, na aliyetoa ushuhuda wa kihistoria: "Tolliver yangu haijawahi kunilaza njiani." Ushuhuda huo aliupokea ndugu yetu Gires, Mkongomani, mtu wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, akainunua ya kwake, akaja kuniambia mimi, "Mukubwa, hii gari iko na nguvu, inatembea muzuri, sijaona shida hata moja." Nami nikainunua ya kwangu. Wiki ya kwanza ikachemsha ndani ya handaki lile chini ya mto Thames, rejeta ikatoa mvuke utadhani naivisha makande ya msiba, na nyuma yangu London yote ikanipigia honi. Nikarudi nyumbani nimekaa kwenye gari la kuvutia magari, kando ya dereva, Tolliver yangu inanifuata kwa nyuma kama mbuzi wa mahari. Evans akanikuta hapo hapo chini ya ghorofa, akaniuliza, "Vipi mnyama?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, sijaona shida hata moja." (Kicheko kirefu.)

Chekeni tu, lakini mwanaume ungeanzia wapi kusema ukweli? Pesa umetoa, picha umetuma nyumbani Moshi, mama amekuombea! Na mjue usukani wa Tolliver uko kushoto, Kimarekani, kwa hiyo kila nikifika kwenye kizuizi cha maegesho, tiketi inatoka upande wa Mama Keren, na kama Mama Keren amenuna, hatuingii. Duka la kuku la kununulia dirishani, anayeagiza yeye, anayepokea yeye, anayekula chipsi zote kabla hazijafika kwangu yeye. Nimekaa miaka miwili ndani ya gari langu mwenyewe kama abiria mwenye majukumu. (Kicheko. Amisha, kutoka mlangoni: "Mzee, saa kumi na mbili kuna watu wengine wanaingia!")

Nimekusikia, dada Amisha, tupo katika hatua za mwisho kabisa za utangulizi. Nije kwenye takwimu, maana maendeleo bila takwimu ni porojo. Kamati yangu ilifanya upembuzi yakinifu wa magari yaliyopo. Mimi nilijua Tolliver tatu: yangu, ya Evans, ya Gires. Nikampigia Evans, akasema, "Usiwe na wasiwasi, mimi nawajua watu wawili wenye Tolliver." Tano hizo! Nikampigia Gires, naye akasema, "Mukubwa, mimi najua watu wawili." Saba! Nikaitangaza saba kwenye kikao, mkapiga makofi, mkaandaa riboni za magari saba, na mimi nikalala usingizi mnono. Ilikuwa jana, mabibi na mabwana, nilipoomba majina kwa ajili ya mpangilio wa msafara, ndipo ilipobainika kitaalamu kwamba wawili wa Evans ni mimi na Gires, na wawili wa Gires ni mimi na Evans. (Mtu mmoja anacheka, anakanyagwa mguu chini ya meza.)

Kwa hiyo mradi ulifanyiwa marekebisho madogo, kutoka saba kwenda tatu, na tatu bado ni msafara, hata msiba wa heshima una gari tatu. (Shangazi wa Justin anasimama, mkoba begani: "Sisi tumekuja kuchukua mwali, hatukuja kusikiliza habari za mikweche. Justin, inuka.")

Shangazi, nakuomba. Shangazi, shikamoo tena. Nakuomba ukae, na wewe Justin kaa, mwanangu, usiniangalie hivyo. Nitasema. Naacha hotuba, nasema.

Leo asubuhi nilimpigia Evans nikamwambia, kiongozi, njoo na ya kwako, ya kwangu ina kahitilafu. Evans akakohoa. Akaniambia, "Kaka, mimi nilikuwa nakutegemea wewe." Ikatoka kwamba haijawahi kumlaza njiani kwa sababu haijawahi kufika njiani, ina mbwembwe nyingi za kuwaka lakini haiendi, imekaa chini ya ghorofa lao imefunikwa turubai, njiwa wametaga. Tukampigia Gires. Gires akasema, "Bandugu, mimi niliwategemea nyinyi," maana ya kwake injini ilishushwa zamani na fundi aliyeishusha amerudi kwao. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Sisi tulikuwa ndugu watatu, tunategemeana kwa mduara. Sote watatu tumekuja hapa kwa treni, kila mmoja behewa lake ili tusionane, tukakutana kwenye ngazi za umeme.

Na yangu? (Mama Keren: "Waambie!") Nawaambia. Huu ufunguo ninaouzungusha kidoleni tangu nisimame, wenye mwewe wa fedha, ni ufunguo wa kweli. Gari lake niliwapa watu wa vyuma chakavu siku chache kabla ya Pasaka. Nilibaki na ufunguo kwa sababu ukiuweka mezani watu wanakuamkia vizuri. Kwa hiyo siku Adelina ananisimamisha pale kwenye ngazi, mimi sikuwa na Tolliver. Sikuwa nayo hata moja, na nikamwahidi saba. Nilimwona macho yamejaa machozi, nikamkumbuka marehemu, neno "sina" likakataa kutoka. Mdomo uliniponza kichwa, na kichwa chenyewe mnakiona. Nimesimama hapa napiga maneno tangu saa kumi kwa sababu nilikuwa naona aibu, nasubiri muujiza, na muujiza wenyewe sijui ungetokea Ohio au wapi. Mama Vaileth, nisamehe. Nimemwacha mtoto wako na gauni lake kwenye baridi ya Thamesmead anasubiri honi. (Mama Vaileth anatikisa kichwa taratibu. Simu ya msemaji inalia.)

Samahanini. Ni binti yangu Keren, msindikizaji wa bibi harusi. Haloo? Keren, mama, mko wapi? ...Wapi? ...Kwa nini? ...Ehee. ...Ehee. ...Mwambie amesikika.

Ndugu wajumbe. Keren anasema, kwa Kiingereza chake cha kunigombeza, kwamba hawajamsubiri mtu. Saa nane kamili mchana Adelina alichungulia dirishani, hakuona gari, akavaa raba chini ya gauni, akasema twende. Wamepanda basi hadi Abbey Wood, wakapanda treni ya Elizabeth line, wakabadilisha treni Bond Street, behewa zima likawapisha wakae, na mama mmoja wa Southall asiyewajua akambebea mkia wa gauni kwenye ngazi. Keren alimuuliza, mbona hukumsubiri Dad na zile Tolliver? Akamjibu kwamba marehemu mzee Elinaja alikuwa na neno lake, kila mtu Singida analijua: ukiambiwa Tolliver inakuja kukuchukua, wewe anza kutembea. (Mama Vaileth anainuka: "Alikuwa anasema! Haki ya Mungu, alikuwa anasema!" Vigelegele.) Wameshatoka stesheni hapo. Wanakuja kwa miguu.

Shangazi, umekaa? Ahsante sana. Basi nihitimishe kabla hajaingia, maana akiingia mimi sina pa kupita. Kamati ya Usafiri, hoyee! (Watu wanaendelea kuchungulia mlangoni.) Tolliver, juu! (Sauti: "Juu ya mawe!") Miguu ya Adelina, hoyee! (Hoyeee! Ukumbi wote unasimama.)

Nawashukuru wadau wote wa Mradi wa Tolliver Saba: ndugu Evans kwa gari alilolifunika, ndugu Gires kwa gari lisilo na injini, na mimi mwenyewe kwa gari nisilokuwa nalo, na nyinyi nyote mliochangia riboni za msafara ambao tangu mwanzo haukuwa na tairi hata moja. (Vigelegele nje. Milango inafunguliwa. Bibi harusi anaingia kwa miguu, raba zimelowa, kwaya inaanza bila kuambiwa. Anapita meza kuu moja kwa moja, anamfikia msemaji, anainamia kipaza sauti: "Uncle, usilie. Baba alinipeleka kipaimara hivihivi. Pikapu ilizima, tukafika tumeshikana mikono." Anachukua ufunguo wenye mwewe, anauning'iniza kwenye shada lake la maua, na anampa mkono.)

Mheshimiwa Mshereheshaji, naomba niishie hapa, bibi harusi anataka nimtembeze hadi kwenye kiti. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wanaorudi Thamesmead kwa treni, naomba mnisubiri.