Taa ya Kushoto ya Fundi Twahiru

Kibandani kwa Xavérine, Nyamirambo, kahawa ilikuwa haijapoa Mugenzi alipoleta habari: kontroli, kule kwenye ukaguzi wa magari, sasa wanarudisha kila gari ambalo vioo vya taa zake vimeingia ukungu. Mugenzi aliwahi kumwendesha balozi, ndiyo maana wanamwita Kiyovu, jina la mtaa wa wakubwa, na ndiyo maana hanyamazi.

Fundi Twahiru, mshona suti, akaweka kikombe chini. Corolla yake, iliyoegeshwa hapo nje, ilikuwa na miadi kontroli leo saa nane, na kesho ndiyo ingembeba bintiye Umuhoza, bi harusi.

"Isipopita, mtoto wangu atapanda pikipiki na shela lake," alisema.

"Sugua na msasa laini na maji, halafu paka dawa ya meno," Xavérine akamwambia. "Nimeona kwenye simu."

"Achana nazo," Kiyovu akadakia. "Ukungu iko na heshima yake. Balozi wangu alikuwa hataki taa ziguswe."

"Balozi wako alikuwa na gari jipya, sha. Angesugua nini?" Xavérine akamjibu.

Twahiru akabandika utepe pembeni mwa taa asikwaruze rangi, akaanza na ya kulia. Msasa ukaigeuza nyeupe kama maziwa.

"Umeshaiua," Kiyovu alisema, amefurahi waziwazi. "Ya kushoto usiguse kabisa."

"Kwa nini ya kushoto?"

"Plastiki yake iko nyembamba."

"Umejuaje?"

"Si niliazima gari lako juzi kwenda Gisimenti?"

Xavérine akatoa kitambaa na dawa ya meno ya mumewe. Twahiru akasugua mpaka jasho likamdondoka puani. Taa ikatakata, balbu ikaonekana vizuri. Akahamia kushoto. Kiyovu akaagiza kahawa nyingine, ilipokuja akaikataa.

Ya kushoto nayo ikatakata. Twahiru akachungulia, akafuta, akachungulia tena. Ndani hamkuwa na balbu. Na yeye siku zote hizi analaumu ukungu!

"Kiyovu," Xavérine aliuliza akikoroga sukari, "gari lako si limepita kontroli jana?"

"Limepita. Gari ni kutunza."

"Na ile taa yako iliyokuwa imekufa?"

Kiyovu akapapasa meza kutafuta funguo za gari lake. Twahiru alikuwa ameshazitia mfukoni.

"Usihangaike, ndugu yangu," alimwambia, akibandua utepe taratibu. "Lenye karatasi ya kontroli ndilo litakalombeba bi harusi. Pikipiki utapanda wewe."