Nzi wa Mtaa Mzima Wanakula Kwangu

Kwa Bwana Afya wa Mtaa,
Ofisi ya kona, mbele ya jalala.

Mheshimiwa Bwana Afya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na makarani wako. Mimi ni yule mpishi mstaafu wa nyumba yenye bustani ya nyuma, ile inayopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Si mtu wa kusumbua ofisi. Hata barabara naifagia mpaka upande usio wangu. Lakini sasa maji yamenifika shingoni, nikaona nikuandikie kwa adabu kabla sijaandika kwa hasira.

Nzi wamenihamishia mke.

Tangu watoto wetu waanze maisha yao, mimi na mama watoto tulikuwa tukikaa bustanini kila alasiri: viti viwili vya plastiki, chupa ya chai, na kuwasema majirani kidogo, kwa wema tu. Sasa amebeba kiti chake akakipeleka kwa jirani yetu mshonaji, na chai anakunywa huko huko. Nimebaki na kiti kimoja na nzi wasiohesabika. Kwa umri wangu hili si jambo dogo, na sioni haya kusema kwamba nina upweke.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nzi hawa si wangu. Nimewachunguza kwa makini. Wapo wanaotoka kwa muuza samaki, wapo wa banda la kuku la nyumba ya pili, na wapo wanene ambao kwao sikujui kabisa. Asubuhi wanakuja, wanashinda, jioni wanarudi makwao kulala. Ni nzi wa mtaa mzima, ila mwenyeji wao ni mimi peke yangu.

2. Sikukaa nikakunja mikono. Katika jiko la hoteli nililofanyia kazi tulikuwa na utaratibu wetu: nzi hafukuzwi, anaandaliwa meza yake mbali, akishiba hagusi ya wageni. Ndoo iliwekwa kule nyuma ya ukuta, na jikoni hukusikia hata mlio. Nami nikaandaa ndoo yangu: utumbo wa samaki, ndizi zilizopondeka, sukari, na siki kidogo ya kuamsha ladha. Nikaiacha juani mpaka ikaiva sawasawa. Bustani yangu ni ndogo, kwa hiyo mbali yake ni pale kwenye kamba ya nguo. Bwana Afya, walikuja kana kwamba nimewapelekea kadi. Nikaona wazi ndoo moja haiwatoshi, nikaongeza ya pili. Wakazidi, nikaongeza tena. Leo ndoo zimezunguka bustani yote, kila moja na mapishi yake maana hata nzi huchoka kula kitu kimoja, na bado hazitoshi. Hapo unaona mwenyewe ukubwa wa tatizo.

3. Majirani hawana shukrani. Huyo mshonaji anakula papai mlangoni kwake bila hata kupunga mkono. Kwa nini yeye hana nzi? Kwa sababu wako kwangu, nawalisha. Nilipomweleza hivyo alicheka mpaka akaweka sindano chini. Mke wangu naye alicheka, na hapo ndipo paliponiuma.

4. Nimewekewa sharti. Juzi mke wangu alisimama mlango wa nyuma, ameziba pua kwa upindo wa nguo, akasema, "Baba watoto, siku ndoo hizo zikitoka, kiti changu kitarudi." Nampenda sana, ila mambo ya kitaalamu yanampita kando. Ndoo zikitoka, jeshi lote hili litakula nini? Si litatugeukia sisi?

5. Jua. Linakaa kwangu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Sisemi kuna upendeleo, lakini ofisi yako ilichunguze.

Kwa hayo naomba yafuatayo. Kwanza, kila nyumba ilazimishwe kuweka ndoo, ili nzi wagawanywe kwa haki. Mapishi nitafundisha mwenyewe, bure. Pili, atakayekataa ndoo apelekewe nzi bila ndoo. Tatu, niteuliwe Msimamizi wa Lishe ya Nzi, na uteuzi huo utangazwe kwa kipaza sauti mbele ya nyumba ya mshonaji, wakati mke wangu amekaa pale. Likiwezekana hilo la tatu tu, mengine yanaweza kusubiri.

Nisalimie makarani, mlinzi wa geti na yule mama anayewapikia chai. Ningekwambia uwasalimie na nzi wa hapo ofisini, ila najua huna. Wako kwangu.

Wako mvumilivu,
Mpishi mstaafu, nyumba yenye jua.

Nyongeza: Nilitoka kununua bahasha. Kurudi, nikakuta mke wangu ameita mkokoteni wa taka na ndoo zote zimekwenda. Nikamwonya ajiandae kwa maafa. Tumekaa bustanini tangu alasiri tukiyasubiri, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, na chai tumeshaongeza. Hadi sasa amepita nzi mmoja, naye hakukaa. Kwa hiyo tafadhali futa maombi yangu yote, pamoja na lile la cheo. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu mwenye mkokoteni anasema ndoo amezimwaga kwenye jalala la mbele ya ofisi yako. Mke wangu anataka nikuombe radhi. Mimi nakupa ushauri tu, kama mtu aliyeyapitia: wakizidi, ongeza ndoo.