Nilivyoifunga Barabara ya Mfalme

Leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, tena kwenye projekta.

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua kuna watu wa Kayole wameshaanza kuisambaza hii habari wakiitia chumvi. (Chumvi ni kazi yangu. Wengine waiache.)

Leo wakazi wa mtaa wetu, hapa Kayole, tulikuwa tunachagua mwenyekiti. Wagombea walikuwa wawili: mimi, ambaye mnaniita Msomi tangu nimalize masomo ya usiku, na Mama Wangeci mwenye hoteli. Hoteli yenyewe ilianza ikiwa meza moja ya chapati, imeegemea ukuta kwa adabu. Ikapata paa. Ikapata benchi. Ikapata sinki! Sasa imekalia barabara ya nyuma, na lori la kunyonya choo likija linasimama kule mbali na kutuangalia kwa huruma. Kampeni yangu yote ilikuwa neno moja: "Bomoa!"

Kila mkutano Mama Wangeci alijibu jambo lilelile: "Nikibomoa, wapishi wangu wataenda wapi? Wana watoto wale."

Nami nilimrudishia lilelile: "Barabara haina watoto!"

Hapo watu walikuwa wakishangilia hadi mabati yanatetemeka. Uenyekiti niliuona uko mfukoni. Nilishamwambia mke wangu apige pasi suti.

Sasa, kabla ya kura, Akinyi akaomba nafasi kidogo. Akinyi ni binti wa hapa hapa mtaani, anatengeneza gemu ya tarakilishi: wafalme, wachawi, majoka. Wewe unapewa mji, unaujenga, kisha unaulinda adui akija. Bado haijakamilika, na alitaka mtu aijaribu mbele ya watu, ionekane kwenye projekta ya ukumbi.

Mzee Barasa, mwenyekiti anayeondoka, akauliza, "Nani atajitolea?"

Nilisimama kabla hajafunga mdomo. Nikachukua na maikrofoni.

"Anayeweza kuongoza ufalme," nikawaambia, "atashindwa na kichochoro?"

Makofi! (Ya mwisho kupigiwa leo.)

Akinyi akaniinamia. "Anko, hili ni toleo la mwanzo kabisa. Vitu vingi bado. Ila chunga barabara. Hizo zinafanya kazi vizuri."

Nikayapeleka hayo kwenye maikrofoni. "Jamani mmesikia? Ati mimi nichunge barabara!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata Mama Wangeci alicheka.

Basi nikaanza. Ndugu zangu, hiyo gemu! Mbingu zilikuwa rangi ya uji uliolala. Farasi alienda akagonga ukuta, na badala ya kugeuka akaendelea kutembea palepale, miguu inachapa kazi, safari hakuna. Mchawi mkuu, ambaye ndiye wa kutisha, ndevu zake zilimwingia kifuani zikatokea mgongoni. Miti ilielea juu ya ardhi kama nguo kwenye kamba. Kulikuwa na mwanamke wa kuchota maji ambaye ukimgusa anasema, "Karibu, bwana wangu." Ukimkanyaga, "Karibu, bwana wangu." Nyumba yake ikishika moto, "Karibu, bwana wangu." Na muziki? Kama mtu anapuliza zumari akiwa ndani ya tangi la maji.

Yote hayo niliyatangaza kwa maikrofoni, moja baada ya jingine, bila huruma. Mfalme mwenyewe nilisema anatembea kama mtu aliyevaa soksi zenye maji. Watu walikuwa wanajipiga mapaja. Akinyi alikuwa ametulia tu, ameshika kikombe chake.

Kisha nikaanza kujenga. Na hapa ndipo damu ya mtaa iliponisaliti.

Mbele ya kasri kulikuwa na kiwanja kitupu. Kitupu! Niambieni, kuna mtu wa Kayole anayeweza kuona kiwanja kitupu na roho ikatulia? Nikajenga nyumba ya kupangisha. Wapangaji wakaingia papo hapo, dhahabu ikapanda. Nikajenga ya pili juu yake. Ikakubali! Nikapanda hadi ghorofa ya saba, bila ngazi. Nikaongeza kibanda cha mlinzi langoni. Nikaongeza bafu. Banda la kuku. Kasri nalo nikalisogezea sebule kwa mbele, kwa sababu mfalme gani anapokea wageni jikoni?

Ardhi kati ya nyumba ikawa nyekundu.

"Oneni sasa mapambo," nikasema. "Huyu binti amemwaga rangi."

Joka likatokea kaskazini. Nikacheka. Jeshi langu lilikuwa limejaa uwanja wa kasri, mikuki juu. Nikabonyeza washambulie. Baragumu likalia. Jeshi likazunguka uwanja mara moja. Likazunguka tena. Askari wakaanza kugongana wao kwa wao kama kuku waliofungiwa jikoni usiku.

"Hitilafu!" nikapaza sauti. "Jamani, hii gemu imeoza! Jeshi zima limerukwa na akili! Akinyi, mbona hawatoki?"

"Wanatafuta njia, anko."

"Si watumie barabara!"

"Umejenga sebule juu yake."

  

Nikaangalia ukutani, na ukubwa wa ile picha ulikuwa ukubwa wa aibu yangu. Barabara ya mfalme ilikuja vizuri kabisa kutoka milimani, ikafika mjini, ikaishia kwenye bafu langu.

Kutoka nyuma ya ukumbi ikatoka sauti ya Mama Wangeci, tamu kama chai ya maziwa: "Msomi. Bomoa."

Mtu mwingine akadakia, "Bomoa!" Wa tatu. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima unaimba neno langu, kwa mdundo wangu, na wengine wameinua vile vikaratasi vya kampeni nilivyochapisha mwenyewe.

Joka lilikuwa limefika langoni. Nikabonyeza bomoa. Gemu ikaniuliza: *Nyumba ina wapangaji. Utaendelea?* Na hapo kwenye kidirisha, watu wadogo sana wakachungulia wakinipungia mikono.

Hapa ningebonyeza ndiyo, saa hii mngekuwa mnaniita mheshimiwa. Lakini moyo ukanilegea. Na kidole changu kilikuwa bado kwenye swichi ya maikrofoni.

"Jamani," nikasema, "hawa nao wataenda wapi? Wana watoto hawa."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

Ukumbi ukanijibu kwa sauti moja, wazee kwa vijana, hata Mzee Barasa ambaye hapaswi kuegemea upande: "BARABARA HAINA WATOTO!"

Joka likapuliza moto. Kasri likaenda. Ghorofa saba zikaenda. Taji la mfalme likabingirika, likagonga ukuta wa bafu, likasimama. Kitu cha mwisho kusikika kilikuwa, "Karibu, bwana wangu."

Akinyi akaandika kitu kwenye simu yake. "Asante, anko. Nilikuwa nataka kujua kama kuna mtu anaweza kufanya hivyo."

Kura ikafuata palepale. Sisi hupiga kwa mlolongo: unaenda kusimama nyuma ya mtu wako. Mlolongo wa Mama Wangeci ulijaa ukumbi, ukatoka mlangoni, ukaifunga barabara ya nyuma yote. (Mke wangu nilimwona. Alikuwa amejifunika mwavuli, na mvua haikuwepo.)

Nyuma yangu alisimama mtu mmoja. Akinyi.

"Mungu akubariki, binti yangu," nikamwambia, machozi yako karibu.

"Anko, sogea kidogo. Umekanyaga waya wa projekta."

Naomba asicheke mtu. Na anayeshindwa kujizuia, acheke akiwa pembeni, asisimame katikati ya njia.