Bosco Alinikonyeza

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado naanza kutabasamu kabla sijafungua macho. Kipyegon wangu ametoka kwenda kuchuma majani chai, ameniachia chai kwenye thamosi na ua moja la mchai juu ya kifuniko. Ua dogo, jeupe. Nimeliweka ndani ya shajara hii. Limeacha alama ya maji. Alama nzuri sana.

Kasoro ni moja tu. Mama mkwe, Mama Bilhah, bado ananiita mgeni. Mgeni asiinuke. Mgeni aletewe kiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ni siku ya ishirini na moja na sijapewa hata kikapu cha kuchumia majani. Nelvine, mke wa shemeji yangu, ana chake. Hupita nacho mbele yangu polepole kuliko inavyohitajika.

Lakini leo kuna habari. Bosco, mbwa wa mama, amenikonyeza. Jicho la kulia, mara mbili, kama kijana wa stendi ya Litein. Na mama husema Bosco hakosei watu. Ndiye aliyemkataa mchumba wa kwanza wa Kipyegon, Mungu ambariki. (Mama, kwa lafudhi yake, humwita Posko. Nami nimeanza kumwita hivyo mbele yake.) Nadhani amenipenda tangu wiki ya kwanza, nilipomwogesha yeye na paka kwa sabuni ya waridi ili nao wanukie harusi.

Mpango: mama aone huko kukonyezwa kwa macho yake mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimempikia Bosco ugali kwa supu ya mifupa. Mate yalimtiririka upande wa kushoto mpaka kifuani. Hakuna anayetokwa na mate hivyo kwa chakula kibaya. Matonge mengine yalidondoka upande huohuo. Nafikiri anaweka akiba. Sikio la kushoto nalo limelala chini. Unyenyekevu.

Nelvine alipita na kikapu chake, akasema kwa mapishi ya mgeni hata mbwa anatema. Nikamjibu kwamba duka la baba yangu, mzee Njenga, kule Litein lina kila kitu ila dawa ya wivu. Jibu zuri. Nilimrudia Kipyegon jibu hilo mara tatu, naye akacheka mara zote tatu. Mume.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkalisha mama uani. Bosco mbele yake, shingoni utepe uliobaki kwenye keki yetu. Nikamwambia mama atazame jicho.

Bosco akanikonyeza. Akamkonyeza mama. Akamkonyeza Nelvine. Akageuka, akamkonyeza ng'ombe.

Mama akainuka, akamshika Bosco uso. Mdomo umening'inia upande mmoja. Jicho la kushoto kavu, limekodoka. Akauliza, taratibu sana, Posko amelishwa nini na nani. Nelvine akajibu kabla sijavuta pumzi kwamba ni supu ya mgeni.

Nimelia. Kipyegon alinifuta machozi, akasema nikilia napendeza. Nikalia kidogo zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Kipyegon amemwita daktari wa mifugo, Omariba. Amekuja na pikipiki, gambuti zimejaa matope. Anatibu ng'ombe siku nyingi, lakini alipiga magoti mbele ya Bosco kama mtu anayechumbia.

Aligusa kope kwa pamba. La kulia likafumba. La kushoto likabaki wazi. Akaeleza kwamba mbwa anaona vizuri, ila hawezi kulifumba. Kuna neva inatoka kwenye fuvu, inapita karibu na sikio, nayo ndiyo inayoendesha kope, mdomo na sikio la upande huo. Ya kushoto imelala. Kwa hiyo jicho linalokonyeza ndilo zima. Mate, matonge, sikio, vyote ni neva hiyohiyo. Akiba yangu. Unyenyekevu wangu.

Supu haina kosa. Nilimtazama Nelvine. Nelvine alitazama mawingu.

Kisha daktari akachungulia sikio, akakuta usaha. Akasema tuna bahati, maana jirani na neva hiyo kuna nyingine ya kushika mizani ya mwili. Ingeguswa hiyo, mnyama angeinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka-zunguka. Akauliza kama kuna mtu alimwogesha karibuni, maji yakaingia masikioni.

 Nilikumbuka nilivyoinua kila sikio nikamimina kikombe kizima, ili lisibaki povu.

Kipyegon akasema ni yeye. Mpenzi wangu! Mama akasema Kipyegon hajawahi kuosha hata sahani. Nikakiri.

Daktari alisema huenda sikio lilikuwa na ugonjwa zamani na maji yakauchochea tu. Alitoa vidonge, dawa ya sikio, na ya jicho ya kupaka mara tatu kwa siku, la sivyo jicho litakauka na kupofuka. Uso unaweza kurudi baada ya wiki kadhaa. Unaweza pia usirudi.

Mama alizichukua dawa zote, akaniwekea mkononi. Akasema aliyemwogesha ndiye atakayempaka dawa. Ni adhabu, najua. Lakini hakusema mgeni.

Jumatano, 12 Machi

Bosco anakubali dawa kwangu tu. Nelvine alijaribu, akangurumiwa kwa nusu mdomo.

Leo asubuhi nimekuta kikapu ukutani, kando ya cha Nelvine. Mama akasema, "Wewe, mvua ikikatika twende. Majani mawili na kichipukizi, usiniletee matawi."

Wewe! Amenituma. Mgeni hatumwi. Mgongo unauma, vidole vyeusi, kikapu hakikufika nusu. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu harusi, ambayo naiona kama ya jana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejifunza. Mnyama hatoi ishara, ni neva tu. Sitasahau.

Sasa habari njema kuliko zote. Paka wa mama amenipenda. Leo nilikuwa namsimulia ndoa yangu, naye akanisikiliza kichwa amekiinamisha upande mmoja, asikiinue hata nilipomaliza. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo. Kisha akaanza kunizunguka, mduara baada ya mduara, akiyumba kidogo kwa furaha, kama wanavyomzunguka bibi harusi.

Nelvine hajawahi kuzungukwa na paka.

Kesho namwita mama aje ashuhudie. Nitamwogesha paka kwanza, kwa sabuni ileile ya waridi.