Saa ya Ukutani Pale Kengele

Jumatatu, 1 Oktoba 1827

Tabitha mwanangu, ulisema niandike kila siku, usome yote ukija Krismasi. Haya, naandika. Usizicheke herufi zangu. Baba yako Enos anakusalimu, yuko bandani na farasi. Bibi yako anakusalimu, yale meno mawili bado yapo. Dada yako Jemima anakusalimu, na kichanga chake pia, japo hajui kusema. Mdogo wako Samweli anakusalimu, anakohoa ila anakula. Hata Kapteni, yule farasi mzee, nilipotaja jina lako alitikisa sikio. Mimi mzima, ila usingizi sina. Hao matajiri unaowatumikia mjini Bath wanakupa blanketi?

Sasa habari. Bwana Lovibond, mwenye magari, anataka kuamua gari la barua libadilishe farasi wapi. Kwenye nyumba yetu ya wageni, Kengele, kama tangu enzi za babu wa baba yako, au ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, kwenye ile ya Taji, kwa Kezia Gadd? Atatuma mtu wake apande kama abiria, ale kimya kimya, amwambie. Jibu Jumamosi.

Mimi naona jambo moja tu. Krismasi utakuja na gari hilo. Likihamia Taji, utashuka mlangoni kwa Kezia, naye ndiye atakayekukumbatia kwanza. Kezia! Haiwezekani.

Jumanne, 2 Oktoba

Mpango wa kwanza: historia. Enos amepaka rangi kibao, "Mfalme Charles alilala hapa", akakitundika juu ya kile kitanda chenye mguu mbovu. Kezia kaja kuazima chumvi, kakiona. Akauliza Charles yupi, wa kwanza au wa pili. Enos akanitazama. Nikasema wote wawili, kwa zamu. Kezia akasema basi shuka hazijabadilishwa tangu hapo. Akaondoka na chumvi yangu.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimewaza sana. Abiria hupewa dakika ishirini za kula, si zaidi. Kezia anajua ujanja wa zamani: supu inaletwa inachemka. Watu wanapuliza, wanapuliza, baragumu linalia, wanakimbilia gari midomo imeungua. Supu inarudi chunguni kungoja gari la jioni. Mimi siwezi. Mtu akitoka kwangu na njaa naumwa tumbo mimi.

Lakini pai yangu ya kondoo haitaki haraka. Huyo mtu wa Lovibond ataionjaje kwa dakika ishirini?

Nimepata! Nimepanda kiti, nikarudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani ya chumba cha kulia. Enos akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia napangusa vumbi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Gari lilifika. Abiria saba wakakaa mezani, mmoja wao bibi mnene mwenye kofia ya manyoya, anaitwa Bi Philpot. Wa nane alibaki juu ya gari, amelewa. Supu ya vuguvugu, pai, kabeji, jibini. Watu wakavua makoti. Wakaanza kusimuliana habari za wajukuu. Nilitaka kulia kwa furaha.

Baragumu likalia. Wakashtuka. Nikawaambia waangalie saa ukutani, bado kabisa, mlinzi wa gari anajaribu tu pumzi. Wakaongeza pai. Likalia tena. Nikasema ana pumzi nzuri.

Kumbe nimesahau jambo ambalo hata Samweli analijua! Mlinzi wa gari la barua ana saa yake, Posta wanaifungia ndani ya kasha, hata yeye hawezi kuigusa. Hiyo tu ndiyo anayoifuata, mezani awe mfalme au nani. Mara tukasikia magurudumu yanaondoka. Tukatoka mbio na leso shingoni. Gari likakata kona na mizigo yote na yule mlevi, anatupungia mkono.

Ijumaa, 5 Oktoba

Saba wamelala kwetu. Hawana nguo. Bwana mmoja mrefu, wakili, kavaa gauni la kulalia la bibi yako. Bi Philpot nilimpa kitanda cha wafalme. Mguu ukakatika, kishindo kikaamsha kuku. Tulimkuta chini, anacheka hadi machozi, anasema sasa ameelewa kwa nini wale wafalme hawakukaa.

Kezia kavuka barabara kwa makusudi. Akauliza mlangoni, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani, "Mama Tabitha, umefungua nyumba ya wageni au jela?" Nikamjibu jela yangu ina pai.

Jumamosi, 6 Oktoba

Bwana Lovibond kaja mwenyewe. Bi Philpot ni shangazi yake. Ndiye aliyetumwa!

Shangazi kamwambia hajala vile tangu aolewe. Lovibond akasema anamwamini, na tatizo ni hilo hilo: gari la barua haliwezi kusimama kwenye nyumba ambamo watu hawataki kutoka. Kuanzia Jumatatu farasi wanabadilishwa Taji. Enos akavua kofia, akaenda bandani kwa Kapteni. Bi Philpot amekataa kuondoka naye. Anakaa wiki nzima, anataka na pai ya sungura.

Nimelia kidogo jikoni. Halafu nimepata wazo jipya, na hili halina kosa. Siwezi kungoja Krismasi, nampa mlinzi karatasi hizi leo kabla hajahama.

Sikiliza mwanangu. Gari likija kutoka Bath, linapita mlango wetu kwanza ndipo lifike Taji. Likikaribia kibao chetu cha nje, kile cha Kengele, wewe zimia. Piga kelele moja, dondoka, lazima wasimame. Mimi nitakuwa mlangoni na blanketi, nikukumbatie kabla ya mtu yeyote. Saa ya Posta haiwezi kumkataa mgonjwa.

Nijibu upesi, kwa gari la kwanza: unajua kuzimia? Kama hujui, anza mazoezi.