Mkaguzi wa Siri wa Steji ya Tena

Jumatatu, 5 Mei

Leo kaunti imetukumbuka. Heri ingeendelea kutusahau.

Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya steji yetu ya teksi hapa mtaani Tena. Aliyelibandika ni afisa wa leseni, bwana mrefu na mpole aitwaye Abdiqani. Alingoja tusome, kisha akatueleza upya polepole, kama mwalimu wa chekechea. Kila teksi iwe na mstari wa manjano ulionyooka, kuzunguka gari zima. Iwe na mtungi wa kuzimia moto. Dereva awe na adabu. Ukaguzi ni Jumamosi. Na kwa kuwa barabara inapanuliwa, nafasi za kuegesha zitapungua. Atakayeanguka atuachie steji.

Atuachie steji! Mimi, Nzivo! Sijui kazi nyingine. Malkia, Corolla yangu, naye hajui. Ana umri wa kupiga kura.

Wenzangu wakaanza kuulizana rangi inauzwa wapi. Akili fupi. Mimi nikatazama mbali. Kama lazima mtu aondoke, kwa nini asiwe Muhonja? Huyu mama ndiye anayeegesha mbele kabisa, kivulini, mkabala na lango la soko. Gari lake linanukia limau. Abiria wanampigia simu kwa jina na kumuulizia watoto. Inachosha.

Mpango: kumtia kiwewe mpaka akosee. Nikamwita Sydney, mwosha magari wetu. Nikamnong'oneza kwamba kaunti itatuma mkaguzi wa siri atakayejifanya abiria. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kumwapisha Sydney ni sawa na kukodi kipaza sauti.

Najiona nimeshaegesha kivulini. Mimi ni hatari!

Jumanne, 6 Mei

Steji nzima inatetemeka! Dereva mmoja amekuja na tai. Mwingine anawafungulia abiria mlango na kuinama, mpaka mama mmoja mwenye kikapu amekimbia.

Muhonja peke yake ndiye asiyeshtuka. Nilimwendea na uso wa huruma. Nikamuuliza kama hamwogopi huyo mkaguzi.

"Nzivo, ndugu yangu," akasema, huku akipangusa kioo, "abiria ni abiria. Awe wa kaunti, awe wa kwenda kununua mboga ya sukuma, nitamfikisha vilevile."

Majivuno hayo!

Mchana nikashughulikia mstari. Fundi wa rangi wa kazi gani, na nina shemeji? Matheka, kaka wa mke wangu, huchonga wanyama wa mbao wa kuwauzia watalii. Rangi ya manjano anayo tele. Nikamwachia Malkia, pamoja na chupa yetu ya chai ili aipake nyekundu. Mtungi wa moto ni nini kama si chupa nyekundu? Nikaenda kula chapati.

Niliporudi, chupa ilikuwa imependeza. Moto wenyewe ungeiamkia. Mstari nao ulikuwepo. Wa manjano. Wenye madoa ya kahawia.

Nikauliza, shemeji, nini hii? Matheka akautazama mkono wake kama anayekutana nao mara ya kwanza. Akasema amepaka twiga tangu ujana wake. Mkono ukianza na manjano, haujui kuishia hapo.

Kalekye, mke wangu, alipoona gari aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, Baba Mwende, sasa imebaki mbuga tu.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi Sydney alinivuta kando. Ana habari mpya. Yule mkaguzi wa siri amejulikana! Ni mwanamume mnene kidogo, anatembea na mwavuli mweusi, na atataka apelekwe huku na huku ili kumpima dereva uvumilivu.

Nikacheka moyoni. Uwongo wangu umerudi nyumbani umeshiba! Nikaagiza chai kusherehekea.

Lakini chai ilipopoa nikaanza kuwaza. Mwavuli huo mimi sikuutaja. Unene sikuutaja. Watu hawawezi kutoa mwavuli hewani. Je, kama nilibuni jambo ambalo kumbe lipo? Mimi nina kipaji. Mama yangu alisema hivyo tangu nikiwa mdogo.

Saa sita, nani huyo anakuja? Mwanamume. Mnene kidogo. Mwavuli mweusi!

Niliruka juu ya boneti ya mwenzangu kumfikia kwanza. Akasema anaitwa Kahin, anaenda Majengo. Nikamfungia mkanda kwa mikono yangu. Niliendesha kama nimebeba trei ya mayai. Kila tuta nililiomba radhi. Mtoto mmoja pale Umoja alituuliza kama tunaenda kuona simba. Kahin akatabasamu. Nikajua anaandika kichwani.

Tulipofika akataka kulipa. Nikashtuka. Mtego! Nikamwambia, mheshimiwa, raha yako ndiyo malipo yangu. Akarudisha pochi mfukoni. Kisha akauliza, kwa sauti ya taratibu, kama raha hiyo inaweza kufika Pipeline. Anahama nyumba.

Huku na huku! Sawasawa na alivyosema Sydney!

Nimebeba magodoro. Nimebeba meza. Nimebeba kochi mgongoni mpaka ghorofa ya juu kabisa, na ploti za kupanga za Pipeline hazijui lifti. Ngazi ni nyembamba hata kochi lilitaka kurudi lenyewe. Kahin alipanda mbele yangu akinionyesha kona kwa ncha ya mwavuli. Kila kona nilimwambia asante.

Mgongo umekufa. Moyo unaimba!

Alhamisi, 8 Mei

Kahin amepiga simu! Ana harusi ya binamu yake. Je, naweza kumpeleka na shangazi zake? Kaunti haina mchezo. Imetuma hadi mashangazi.

Walikuwa wengi kuliko viti. Walipakana mafuta, manukato na ushauri. Mmoja alisema naendesha polepole mno, mwingine akasema haraka mno. Niliwakubalia wote. Kahin alivaa suti nyeupe kama maziwa.

Tulipofika mlango wa ukumbi, mvua ikamwagika. Mvua ya Mei, haipigi hodi. Kahin akashuka, akaegemea gari akiwafunika shangazi zake kwa mwavuli, mmoja mmoja.

Rangi ya Matheka ni ya kupaka mbao za kuwekwa kabatini. Haikuwahi kuonana na mvua. Kahin alipobanduka kutoka kwa Malkia, alikuwa twiga kuanzia kiuno hadi goti. Shangazi mmoja akapiga yowe. Mwingine akatoa simu akampiga picha.

Nikapiga magoti palepale kwenye matope.

"Mheshimiwa," nikasema, "nakuomba, hili usiliandike."

"Niandike wapi?"

"Kwenye ripoti. Ya kaunti."

Kahin akanitazama, kisha akayatazama madoa yake. "Dere, mimi nauza mapazia sokoni Gikomba."

"Na huo mwavuli?"

"Mvua," akasema.

Nikabaki nimepiga magoti. Sikuwa na sababu tena. Kahin mwenyewe akanishika mkono akaniinua. Akasema alidhani nimeweka nadhiri ya kubeba watu bure, na mtu hamharibii mwenzake nadhiri. Shangazi wakanipa sambusa za kwenda nazo.

Malkia hana mstari tena. Ana machozi ya manjano tu hadi kwenye magurudumu. Kesho kutwa ni ukaguzi, na siku mbili sijafanya kazi ya maana. Kalekye leo hakucheka. Aliuliza taratibu, tukitolewa steji tutakwenda wapi? Nikasema nina mpango. Sina.

Ijumaa, 9 Mei

Niliegesha nyuma kabisa nisionekane. Muhonja akaja moja kwa moja. Mkononi ana tepu, kamba na kopo la rangi ya gari, ya manjano, rangi halisi. Akasema imebaki baada ya kupaka lake. Akasema twende kwenye kibanda cha Sydney kabla mvua haijarudi.

Nikakaa macho. Adui hakupi rangi bure. Nilimchunga asubuhi nzima nikitafuta hila. Alivuta kamba kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Alibandika tepu. Alinipa msasa nikwangue twiga wa Matheka. Nikakwangua, jicho moja kwake. Hila sikuiona. Mjanja sana!

Wakati wa kupaka, bila hata kuniangalia, akaniambia kwamba Jumatano alikwenda ofisi ya Abdiqani. Alimpeleka mpaka kule ng'ambo ya barabara, kando ya ukuta wa kanisa, akamwonyesha nafasi isiyotumika. Abdiqani amekubali teksi zihamie huko barabara ikipanuliwa. Wote watakaofaulu watabaki. Hakuna wa kufukuzwa kwa sababu ya nafasi.

Jumatano. Siku niliyokuwa nimebeba kochi.

Nikamuuliza kwa nini ahangaike, na yeye angefaulu tu.

"Sasa nikibaki peke yangu steji," akasema, "nitaongea na nani?"

Nikajikuta napaka sehemu moja mara tatu. Nadhani ni harufu ya rangi.

Mstari umenyooka. Ukiweka yai juu yake halianguki. Nilimwambia Muhonja asante. Nilisema mara moja, lakini nilisema.

Jumamosi, 10 Mei

Abdiqani alifika asubuhi. Akapita gari kwa gari. Kwa Malkia akainama, akafumba jicho moja, akautazama mstari. Akasema huu ndio mstari bora wa steji nzima. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba nina mkono mzuri. Muhonja akakohoa.

Kisha akaomba mtungi. Nikampa. Akautikisa. Ukalia chubwi. Akafungua.

Mvuke.

Kalekye hakujua kitu. Aliona chupa ya familia, imevaa nyekundu, akaijaza chai kama kila asubuhi. Abdiqani akanusa. Akamimina kidogo kwenye kifuniko. Akaonja, steji nzima imenyoosha shingo. Akasema tangawizi imekaa vizuri, lakini haizimi moto. Nina mpaka saa nane.

Muhonja alishawasha gari! Tulikwenda kituo cha mafuta tukirukaruka mashimo ya Umoja, mimi nikipiga kelele za njia, yeye akiniambia ninyamaze, anaijua. Tukarudi na mtungi halisi, mzito kama mtoto wa kiboko. Abdiqani alikuwa anamalizia chai yangu. Akaibandika karatasi ya leseni kwenye kioo cha Malkia. Nimefaulu! Nilimkumbatia Abdiqani. Nilimkumbatia Sydney. Nilimkumbatia Malkia, na rangi ilikuwa imekauka!

Yangeishia hapo. Lakini yule dereva wa tai akauliza, je, mkaguzi wa siri naye ameridhika?

Abdiqani akauliza mkaguzi gani. Wakamweleza wote kwa pamoja: abiria wa uwongo, mwavuli, kuzungushwa huku na huku. Abdiqani akafikiri. Akasema ofisi yao haijawahi kuwa na mtu kama huyo. Akafikiri tena. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Wazo zuri sana hili," akasema. "Nitalipeleka ofisini Jumatatu. Ni la nani?"

Macho yote yakamgeukia Sydney. Sydney akaninyooshea kidole bila hata kupepesa.

Sasa steji nzima hainisalimii. Isipokuwa Muhonja. Yeye alicheka mpaka akaegemea gari lake la limau akifuta machozi.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani mhubiri aliongea juu ya watu wanaojenga mnara bila kuulizia gharama. Nilimwonea huruma mtu yeyote ambaye ujumbe huo ulimhusu.

Nilikuwa na mambo makubwa zaidi. Jana Abdiqani akiondoka alidokeza kwamba madereva wa teksi watakuja kuvaa sare. Rangi haijatangazwa. Wenzangu wakaachia hapo. Akili fupi! Mtu akiwahi kitambaa leo, kesho steji zote za Eastlands zitamlilia yeye.

Nimeketi, nimefumba macho, nimeona kijani. Kijani kabisa, kama sukuma baada ya mvua. Nimekwenda sokoni nimezoa marobota. Malkia ameinama kwa nyuma. Sebuleni hatuna pa kukaa; mwanetu Mwende anasomea juu ya robota. Kalekye ameniuliza ni nani aliyesema kijani. Nimemweleza kwamba mambo mengine mtu haambiwi, huyajua kwa kipaji.

Jioni hii Muhonja amenipigia. Amesikia nanunua kitambaa. Amesema kwa upole, ndugu yangu, simama kwanza, nimemuuliza Abdiqani mwenyewe, sare ni maruni.

Maruni!

Nimeshukuru, nimekata simu, nimecheka peke yangu. Mwanamke huyu ni mjanja, lakini leo amekutana na mwenzake. Anataka kijani chote abaki nacho yeye.

Nimempigia mwenye duka. Aniletee marobota mengine.