Kibao Kisichoongeza Mkia

Jumatatu, 14 Julai

Lucy ameitwa kwenye usaili! Kampuni ya Wachina wanaonunua pamba kule Kasoli inataka mkalimani. Mmoja tu. Usaili ni Jumatatu ijayo. Ataandika barua ya Kichina kwenye kompyuta huku wakubwa wamekaa wanamwangalia.

Mwanangu kasoma Kichina Dodoma mpaka macho yakawa mekundu. Sasa yuko nyumbani, anafua nguo ambazo ni safi.

Kasoli ni hapa hapa. Asubuhi atapanda bodaboda, jioni atarudi, atakula ugali wangu, usiku nitamsikia akikohoa chumbani kwake. Akikosa, anakwenda Dar. Kuna rafiki yake kamtafutia kazi ya duka Kariakoo. Keshaniambia. Nikamjibu sawa mwanangu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kuwafukuza kuku ambao hawakuwa na kosa lolote.

Baba Lucy anasema tumwachie Mungu na mtoto mwenyewe. Huyu ndiye aliyemwachia Mungu bati la jikoni. Mvua ikinyesha napika na mwavuli.

Hapana. Nitasaidia.

Jumanne, 15 Julai

Mambo mabaya sokoni. Felisita, mama Nancy, anauza dagaa meza ya pili kutoka kwenye mchele wangu. Leo kaanza na salamu ya Kisukuma, mwangaluka mayu. Akauliza habari za nyumba. Za mume. Za ng'ombe. Akazunguka weee, nikajua kuna kitu kinakuja. Kikaja. Nancy naye kaitwa usaili Kasoli. Walisoma darasa moja na Lucy, hilo nilikuwa nimeamua kulisahau.

Tena Nancy kanunuliwa kibao. Kibao gani? Cha kuandikia Kichina. Unachora herufi kwa kalamu ya plastiki, inatokea kwenye kompyuta imenyooka kama ya gazeti. Mjomba wake kakileta toka Mwanza. Felisita akanionyesha ukubwa wake kwa mikono. Kama sahani.

Nikamwambia Lucy ana chake. Kama sinia.

Sijui sinia lilitokea wapi. Lilikuwa limeshatoka mdomoni.

Jioni nimemuuliza Lucy, kwa mbali, kama mtu asiye na shida, Wachina wana herufi ngapi. Maelfu, kasema. Nikaenda kuangalia kibodi ya kompyuta yake alipokuwa anaoga. Vibonyezo ni hivi hivi tu! Maelfu yatakaa wapi? Alipotoka akanieleza kwamba anaandika matamshi kwa herufi zetu za kawaida, kompyuta inamletea zile za Kichina, yeye anachagua. Anaandika haraka sana hivyo, hahitaji kitu kingine.

Nilimwonea huruma. Mtoto anajua hatuna uwezo, anatufariji.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata kibao. Nimekichagua mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mudathiri, yule wa duka la simu na kompyuta karibu na stendi. Mtu wa heshima, shikamoo yake haina haraka. Nikamwambia shida yangu. Kwanza akatoa simu yake, akasema hata simu inatosha, unachora kwa kidole, bure. Nikamwomba asinitanie. Mtu anaenda mbele ya Wachina na kidole?

Ndipo akaleta vibao viwili. Kimoja kidogo, cheusi, akasema hiki ndicho, kinazijua herufi za Kichina. Kingine kikubwa, kama sinia kweli. Moyo wangu ukalia pwaa. Lakini sikuonyesha.

Sisi hatununui maksai kwa kusikia sifa. Unamzunguka, unamshika mgongo, unamtembeza. Nikavinyanyua vyote viwili. Nikavigonga. Nikamwambia aviunge kwenye kompyuta nivijaribu. Akaniuliza kama najua herufi yoyote ya Kichina. Sijui. Ninayoijua kwa mkono wangu vizuri, hata gizani, ni alama ya ng'ombe wa marehemu baba kule Ngulyati. Kisanduku, na msalaba ndani yake. Basi. Ng'ombe wote wa kwetu walikuwa nayo pajani.

Nikaichora kwenye kile kidogo. Kalamu ilikuwa inateleza. Kompyuta ikafikiri. Ikatoa kisanduku, msalaba ndani, na mkia chini!

Nikauliza mkia wa nani. Mudathiri akafurahi, akasema mashine imetambua, hiyo ni herufi halali ya Kichina, imetafuta iliyo karibu na nilichochora. Tena pembeni kuna nyingine za kuchagua, na isiyo na mkia imo.

Damu ikanipanda. Kuna bwana mmoja Ngulyati aliongeza mkia kwenye alama ya mtamba wa baba kwa chuma cha moto, akasema ni wake. Alifungwa. Na yeye alipobanwa alisema hivyo hivyo, kwamba asiye na mkia yumo, yuko pembeni. Hiyo mashine ni mwizi. Itamwandikia mwanangu mambo ambayo hakuyasema.

Nikachora kwenye kile kikubwa. Kisanduku changu kikabaki kisanduku changu. Kimepinda, kinatetemeka, lakini changu. Hakuna aliyekigusa.

Mudathiri akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Mama, hiki hakisomi herufi. Ni cha wachoraji. Ukichora kuku, kinabaki kuku."

"Ndicho ninachotaka," nikamwambia. "Kibaki kuku."

Akamwita mkewe Fatu awe shahidi kwamba amenitahadharisha. Fatu akashuhudia, akaniulizia mchele, maana wana harusi ya binti yao Shifa na mchele wangu anaujua. Tukaelewana. Mchele umeenda harusini, sinia limekuja nyumbani kwa baiskeli, limefungwa mpira kama mgonjwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimempa Lucy. Nilikuwa nimekizungushia khanga mpya.

Alikiangalia muda mrefu. Akasema ahsante mama. Akasema mama, kizuri, ila sitakihitaji. Kisha akauliza kama dukani kulikuwa na kingine. Nikamsimulia habari ya yule mwizi mdogo mweusi. Nilipofika kwenye mkia akaziba mdomo na khanga, mabega yakawa yanatikisika. Nikajua analia kwa furaha, na mimi nikalia kidogo. Milembe, mdogo wake, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akasema dada halii. Nikamtuma maji.

Nimemwomba Lucy kitu kimoja tu, akibebe. Kaahidi.

Jumapili, 20 Julai

Nimekipeleka kanisani kikaombewe. Mchungaji aliuliza ni kitu gani, nikasema ni kazi ya Lucy, akakiwekea mkono. Felisita alikuwa benchi la nyuma yetu. Nilihakikisha khanga imefunguka upande wake. Alipima kwa macho, nikamwona. Hakuimba vizuri tena.

Milembe kakataa kutembea na mimi kurudi nyumbani. Yuko kidato cha nne, kila kitu kinamwaibisha.

Jumatatu, 21 Julai

Siku yenyewe!

Lucy alisema nisiende. Sikwenda. Nilikwenda Kasoli kuuza wali kwa wapakiaji wa pamba, biashara ni biashara, na dirisha la ofisi linatazama upande wa wapakiaji, sikulijenga mimi. Nikamkuta Felisita amekaa chini ya dirisha hilo hilo na ndoo ya dagaa wa kukaanga. Hakuniuliza, sikumuuliza. Tukasimama wote juu ya mfuniko wa ndoo yake, tukachungulia.

Ndani walikuwa wanaume wawili wa Kichina wa hapa kiwandani, na mwanamama wa Kichina mwenye miwani, mnyoofu kama mjane wa chifu. Januarius mlinzi alitwambia huyo ndiye mkubwa kabisa, ametoka ofisi kuu Dar, kaja kuangalia usaili tu.

Nancy anachora kwenye kisahani chake, kalamu inakwenda kama jembe la vuli. Lucy wangu anabonyeza kibodi. Kibodi tu! Sinia limelala kitini, limejifunika khanga.

Felisita, bila kunitazama, akasema, "Limechoka, mayu? Liamshe basi."

Nisamehewe. Niligonga kioo. Lucy akainua kichwa. Nikamwonyesha kwa vidole, chora, chora, hewani, herufi kubwa. Akatikisa kichwa. Nikachora kubwa zaidi. Mwanamama wa miwani naye akawa ananitazama. Januarius akaja akasema mama unavuruga kazi, nikamwambia ngoja kidogo baba, mtoto anatafuta kalamu.

Lucy anasema alikuwa ameshamaliza barua zamani, alikuwa anasahihisha tu. Anasema alifanya hivyo ili niondoke pale dirishani. Sawa. Lakini alifanya! Akafungua khanga, akachomeka waya, akashika kalamu, akaandika. Pole pole. Mkono wake ulikuwa unacheza kama mtu anayesuka. Sijawahi kumwona mwanangu hivyo, nikasahau hata kuchora hewani.

Yule mwanamama akasimama. Akaenda nyuma ya Lucy. Akawaita wale wanaume. Wote wakainama kwenye kompyuta, wakawa wanaonyeshana.

Nikamgeukia Felisita. Nilimnunulia dagaa.

Ndipo Januarius akatushika sote wawili mikono akatutoa getini, pamoja na ndoo.

Jumatano, 23 Julai

Wamepiga simu. Lucy kashinda.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Baba Lucy alivua kofia, akaivaa, akaivua. Nikaanza kupanga: bodaboda wa kuaminika, chakula cha mchana atabeba, mvua ikinyesha atalala kwa shangazi yake Kasoli hapo hapo.

Lucy akasema mama kaa kwanza.

Yule mwanamama wa miwani amesema siku hizi kila kijana anaandika kwa mashine, mashine inatoa herufi za mashine, huwezi kujua mkono wa mtu ukoje. Siku ile akauona mkono wa Lucy wenyewe, jinsi ulivyo, haujaguswa. Amesema hata kwao ni vijana wachache tu wanaoandika hivyo. Ofisi kuu wamemtafuta muda mrefu mtu wa kuwaandikia kadi na mabango na kutafsiri hapo hapo. Kwa hiyo anamchukua.

Ofisi kuu iko Dar.

Nikauliza ya Kasoli je. Ya Kasoli amepewa Nancy.

Nilikaa. Kisha nikauliza kama hawezi kuwapigia akawaambia mkono umeumia. Akasema ameshakubali mama, ni kazi nzuri, ni kubwa kuliko aliyoomba. Akanishika bega. "Ningebonyeza kibodi tu, ningebaki hapa."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliuma.

Jioni kaja Felisita na mfuko wa dagaa. Analia kwa furaha, Nancy atakuwa anarudi nyumbani kila siku, anakula kwake, analala kwake. Akanipongeza sana kwa Dar. Nilicheka kwa meno yote niliyonayo.

Jumapili, 27 Julai

Lucy kaondoka na basi la alfajiri. Nilimwambia aache lile sinia, litamsumbua njiani, moyoni nikitaka nilichome kama kuni. Akakataa. Akalipakata mapajani na khanga yake kama mtoto, akasema hakuna aliyewahi kumchagulia kitu vile. Basi likaondoka kabla sijajibu. Nilikuwa na majibu mengi.

Nyumba imenyamaza. Baba Lucy amekaa kwenye kiti cha Lucy, anasema anapumzisha mgongo. Nimemwekea uji hapo hapo.

Lucy ameshapiga simu. Kafika. Kala. Amesema nilale. Nimemwambia nimelala.

Nimewaza sana ni wapi nilikosea. Kibao hakikukosea, kilifanya kazi yake kuliko vyote. Mimi sikukosea, nilipigania mwanangu. Nimepata jibu nikiwa nasugua sufuria. Kosa ni la Kichina. Ni kitu cha kusafiri. Ukimsomesha mtoto kitu cha kusafiri, kitasafiri naye.

Sasa Milembe. Mchana wa leo, bila mimi kumuuliza zaidi ya mara nne, amesema akimaliza shule anapenda udaktari wa mifugo. Nilitaka kuruka! Ng'ombe wako wapi? Hapa! Nani atamhamishia daktari wa ng'ombe Dar, akatibu nini, magari? Nikamwambia mwanangu hayo ndiyo maneno. Akasema mama, nimesema napenda tu. Nikamtuma kwa mjomba wake mwenye zizi akaanze kuzoea harufu.

Saa kumi nikapita kwa Felisita kumrudishia mfuko wake. Nikamdokezea. Akatabasamu lile tabasamu lake. Eti mwanawe Joakim naye anataka mifugo, tena keshamnunulia glavu zile za madaktari, za kuingizia mkono kwa ng'ombe anayezaa. Akaonyesha kwenye mkono wake zinapoishia. Kiwikoni.

Nikamwambia za Milembe zinafika begani.

Kesho nikifungua tu meza, namwachia mtu mchele, naenda duka la dawa za mifugo. Nitachagua mwenyewe.